Madaftari mawili ya mama na doti 46 za kanga

Jumamosi moja jioni, muda mfupi baada ya kufunga duka, mama mmoja anayeuza kanga Mtaa wa Uhuru, karibu na Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, alimwambia binti wa kaka yake afungashe nguo zake. Jumatatu asubuhi angempandisha basi la kurudi Korogwe.

Binti hakubishana. Aliuliza swali moja tu: "Shangazi, nimekosa nini?"

Mama alimfungulia daftari la mzigo. Kwa hesabu ya daftari hilo, dukani na stoo zilipaswa kuwepo doti 212 za kanga. Walikuwa wamezihesabu mara mbili, wakapata 166. Doti 46 hazikuwepo. Kwa bei ya jumla ya Sh9,500 kwa doti, hizo ni Sh437,000. Ndizo fedha ambazo mama alikuwa amezitenga kichwani kwa ajili ya kumwanzishia chuo mwanawe wa kwanza.

Funguo za duka zilikuwa mikononi mwa watu wawili tu, yeye na binti huyo. Mama hakutamka neno wizi. Alisema tu kwamba biashara imekuwa ngumu na kwamba binti atapumzika nyumbani kwa baba yake kwanza. Lakini kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile alielewa, na binti alielewa kuliko wote. Usiku ule alilala bila kula.

Kijana mkubwa wa mama huyo alikuwa amekaa kizingitini akisikia yote. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri chuo. Hakuwa na la kusema, kwa sababu hesabu ilikuwa pale na daftari lilikuwa la mama yake. Jumatatu ndiye aliyembebea binamu yake begi hadi kituoni.

Daftari la mzigo, daftari la madeni

Mama huyo ana miaka 17 katika biashara ya kanga. Aliianza kwa kupanga doti chache juu ya meza, akapata fremu ya kushirikiana na mwenzake, na sasa ana fremu yake mwenyewe. Wateja wake wanatoka Mbagala, Bagamoyo, Kilwa na Lindi. Wengine hawaji tena dukani, wanapiga simu, wanatuma fedha kwa simu na mzigo unapakiwa kwenye basi.

Kumbukumbu zake zilikuwa mahali pane. La kwanza ni daftari la mzigo, linalokaa stoo. La pili ni daftari la madeni, linalokaa kwenye mkoba wake. Fedha zinazoingia kwa simu zilibaki kwenye ujumbe mfupi wa simu. Yaliyobaki yote yalikuwa kichwani.

Daftari la madeni hakuwahi kumwonyesha mtu. Ndani yake mna majina ya watu wazima wenye heshima zao, majirani, hata ndugu. Mteja aliyekopa kanga za msiba hapendi jina lake lisomwe na kijana wa dukani. Kwa hiyo daftari lile lilikaa peke yake, na la mzigo nalo peke yake. Hakuna aliyewahi kuyaweka meza moja.

Maduka mengi ya eneo lile yanaendeshwa hivyo, na wenyewe wanajua gharama yake. Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao katika Viwanja vya Mnazi Mmoja, malalamiko mengi yalihusu risiti, stoo na kodi. Kila moja kati ya hayo humrudisha mwenye duka kwenye swali lilelile: mzigo wako ulioingia uko wapi, na uliotoka umeandikwa wapi?

Usiku tatu wa dirisha jeusi

Wiki moja baada ya binamu yake kuondoka, kijana alikuja na wazo. Shuleni aliwahi kusikia kuhusu programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo waliozitengeneza wameruhusu mtu yeyote azitumie, azinakili, azichunguze ndani na hata kuzibadilisha. Zipo za kuandikia na za kuchorea, na zipo pia za kuendeshea biashara nzima: mzigo, wateja, madeni, mishahara na mahesabu. Kuichukua mtu halipii chochote.

"Bure?" mama aliuliza.

"Bure, mama."

"Haya. Tuone hiyo bure."

Nyumbani kulikuwa na kompyuta mpakato iliyotumika, waliyoinunua Kariakoo wakati kijana yuko kidato cha tano. Alichagua programu kubwa yenye sifa nyingi, akaketi nayo saa tatu usiku, ndugu zake walipokwenda kulala.

Usiku wa kwanza ulimalizika kwa bando. Kabla ya programu yenyewe alitakiwa kuweka nyingine kadhaa: kanzidata ya kuhifadhia kumbukumbu, lugha mbili za kompyuta, na seva ya kuonyesha kurasa. Bando la wiki nzima likaisha usiku mmoja, na programu aliyoitaka hajaigusa bado.

Usiku wa pili alifika kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri. Maelekezo yalisema andika mstari huu, kisha huu, kisha huu. Mstari wa tisa ulijibu kwa maandishi mekundu. Alitafuta maana yake hadi saa nane usiku, akagundua kuwa maelekezo aliyokuwa akiyafuata yaliandikwa kwa toleo la zamani, na kompyuta yake ilikuwa imepakua toleo jipya. Aliyeyaandika hakukosea siku alipoyaandika, ila hakurudi kuyasahihisha.

Usiku wa tatu programu ilifunguka. Kijana alimwamsha mama yake aje aone. Mama alikuja amejifunga kanga, akakaa, akasoma skrini. Iliuliza nchi, aina ya fedha na mwaka wa fedha unaanza lini. Ikauliza muundo wa akaunti za mahesabu. Kisha ikauliza bidhaa zinapimwa kwa nini, na katika orodha yake kulikuwa na kilo, lita na boksi. Doti haikuwemo, wala korja.

"Sasa mimi nabonyeza wapi?" mama aliuliza.

Kijana hakujua. Na wakati bado anatafuta, umeme ulikatika. Betri ya ile kompyuta ilikuwa imekufa siku nyingi. Uliporudi, kanzidata ilikataa kufunguka.

Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Cha bure kimekula bando, kimekula umeme, kimekula na usingizi wako. Kalale, baba. Daftari halizimiki."

Kwa nini kitu kizuri ni kigumu kuanza

Kilichomkuta kijana yule kimewakuta watu wengi duniani. Programu huria za biashara si vitu vya kubahatisha. ERPNext, kwa mfano, ilianzishwa na Mhindi Rushabh Mehta, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika biashara ya samani ya familia yake. Odoo ilianzishwa Ubelgiji mwaka 2005 na Fabien Pinckaers. Dolibarr ilianzia Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zote zinatumika katika nchi nyingi, na watu wanaziboresha kila siku.

Ugumu uko mlangoni. Wanaozitengeneza wamezifungua mara maelfu, wamesahau siku yao ya kwanza ilikuwaje. Wanaandika "weka seva" kama mpishi anavyomwambia mwali "weka viungo vya kutosha". Mpishi anajua kutosha ni kiasi gani, mwali hajui.

Wenyewe wameliona hilo, na miaka hii wamehangaika kulitatua. Watengenezaji wa ERPNext walitoa amri moja inayofanya kazi ambayo zamani ilihitaji amri nyingi. Odoo ina faili la Windows ambalo mtu analibonyeza mara mbili na kufuata maswali. Dolibarr ina kifurushi kiitwacho DoliWamp, ambacho ndani yake mna programu yenyewe, kanzidata na seva, vyote vinashuka pamoja. Njia nyingine ni kuitumia programu kwa intaneti kwenye kompyuta ya kampuni fulani, kwa malipo ya kila mwezi. Hapo huweki chochote mwenyewe, ila ukikosa intaneti umekosa duka. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki.

Kuna mlango mwingine pia, nao ni lugha. Huko nyuma, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba programu huria inaweza kufunguka kwa lugha ya mtumiaji bila kusubiri ruhusa ya kampuni yoyote, maana ruhusa imo tayari ndani ya leseni yake. Lakini hadi leo maelekezo mengi ya kuweka programu za biashara yako kwa Kiingereza, na cha kitaalamu.

Swali la fundi

Kijana aliona aibu siku kadhaa. Kisha akaenda kwa fundi wa kompyuta mwenye meza yake jirani na Mtaa wa Aggrey, ambaye aliwahi kuwabadilishia kioo cha kompyuta. Alimweleza yote, tangu bando hadi umeme.

Fundi alimsikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Mwishoni akauliza, "Mama yako akifunga duka jioni, anataka kujua nini?"

Kijana alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwahi kumuuliza.

Jioni ile alimuuliza. Mama alijibu bila kufikiri, kana kwamba alikuwa akilisubiri swali hilo kwa miaka 17. Anataka kujua mambo matatu: mzigo gani umebaki, nani anadaiwa, na leo imeingia shilingi ngapi. Mishahara hana, maana anafanya kazi na ndugu. Kiwanda hana. Risiti za TRA anatoa kwenye mashine ya EFD, na kijana alishaelewa kwamba programu ya dukani haichukui nafasi ya mashine hiyo.

Mambo matatu. Na yeye alikuwa amekesha usiku tatu akiweka programu yenye mambo mia.

Fundi alimshauri achukue programu huria ndogo zaidi, inayokuja katika faili moja, yenye vipengele ambavyo mtu anawasha vile anavyohitaji na vingine anaviacha vimezimwa. Akamuuzia na betri iliyotumika, yenye kukaa saa mbili. Programu ilishuka kwa dakika 40 na kuwekwa kwa dakika kumi. Kijana aliwasha vipengele vitatu tu: bidhaa, wateja na mauzo. Mahali pa kipimo akafuta neno lililokuwepo, akaandika "doti".

Mdogo mtu apewa kiti

Hapo angeweza kuishia. Lakini kijana alijua kwamba ifikapo mwezi wa kumi ataondoka kwenda chuo. Kompyuta ikiharibika siku hiyo, nani ataiweka upya? Akaandika maelekezo kwa mkono, kwa Kiswahili, kurasa mbili za daftari la shule. Aliyasoma mwenyewe akaona yako sawa kabisa.

Akamwita mdogo wake wa kike, aliyeko darasa la sita. Akafuta programu yote kwenye kompyuta, akampa zile kurasa mbili, akamwambia, "Fanya kama ilivyoandikwa. Mimi sitasema kitu."

Kutosema kitu kulimshinda kuliko usiku ule wa dirisha jeusi. Aliketi juu ya viganja vyake ili asinyooshe kidole. Mdogo wake alikwama mara 11.

Alikwama mwanzo kabisa, palipoandikwa "fungua faili ulilopakua", kwa sababu hakujua faili limeangukia wapi. Kompyuta ilipouliza kama anaruhusu programu ifanye mabadiliko, akaogopa, akabonyeza hapana. Penye namba ya siri aliweka jina lake, kompyuta ikakataa. Na alipofika kwenye orodha ya wateja, programu iliwaita wateja kwa neno la Kiingereza, thedi pati.

"Kaka, hii si bima ya bodaboda?" aliuliza.

Kijana alicheka hadi akasahau ahadi yake ya kunyamaza. Lakini mtoto alikuwa sahihi. Kwa mtu wa Dar es Salaam, thedi pati ni bima. Usiku ule alitafuta mahali pa kubadilishia maneno ndani ya programu. Kwa kuwa ni programu huria, palikuwepo. Akafuta, akaandika "Wateja". Akaandika "Mzigo" na "Madeni" mahali pake.

Kila mdogo wake alipokwama, kijana aliweka alama kwenye karatasi. Mwanzoni alitaka kumwambia, "Lakini nimeandika hapo, huoni?" Baadaye aliacha. Kama msomaji hakuona, basi hakikuandikwa vizuri. Aliyaandika upya maelekezo yote. Mara ya pili mdogo wake alikwama mara nne. Mara ya tatu, Jumapili mchana, alimpa mama yake. Mama alivaa miwani, akasoma kila mstari kwa sauti kama anayesoma barua, akabonyeza. Alikwama mara mbili. Ilipofunguka hakusema kitu. Aliifunga, akaifungua tena mwenyewe.

Daftari la madeni lafunguliwa

Kuingiza mzigo ilikuwa rahisi. Kijana alianza na hesabu ya Jumamosi ile, doti 212 kama daftari lilivyosema. Alipofika kwenye madeni, mama alikataa.

"Hilo daftari lina heshima za watu," alisema.

Kijana alimweleza kwamba kumbukumbu zinakaa kwenye kompyuta ile ile, haziendi kokote. Akamwonyesha kwamba ukurasa wa madeni unaweza kufungwa kwa namba ya siri ya mama peke yake. Mama alilala na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu alilitoa daftari mkobani, lakini akataka kusoma yeye na kijana aandike, mdogo mtu akiwa chumbani kwake.

Akasoma jina la kwanza: kikundi cha akina mama wa Mbagala, sare za harusi, wanadaiwa Sh190,000.

"Doti ngapi, mama?"

"Ya nini? Andika deni."

"Haikubali. Inataka kujua kimetoka nini."

"Doti 20."

Kijana akaandika. Pembeni mwa skrini, ile 212 ikawa 192.

Mama alinyamaza kidogo, akaendelea. Mteja wa Kilwa, doti 12. Ile 192 ikawa 180.

Mama akavua miwani.

Alikumbuka siku zote mbili. Ilikuwa Ijumaa na Ijumaa. Binti wa kaka yake alikuwa ametoka kufuata chakula. Wateja walikuwa na haraka. Mama mwenyewe alishusha mzigo, akaufunga, akaandika kwenye daftari la madeni lililokuwa mkobani. Daftari la mzigo lilikuwa stoo, ghorofa ya pili. Alijiambia ataandika baadaye.

Waliendelea hadi ukurasa wa mwisho wakitumaini. Hakukuwa na mzigo mwingine wa tarehe zile. Kompyuta ilibaki kwenye 180. Walichohesabu ni 166. Doti 14 bado hazikujulikana.

Kijana alitaka kusema kwamba 14 si nyingi. Alitaka kusema kwamba hata hizo lazima zina maelezo yake. Lakini hakuwa na uhakika, na mama yake pia hakuwa nao. Kompyuta haikuwaambia kwamba binti hakuchukua kitu. Iliwaambia tu kwamba doti 32 kati ya zile 46 zilitoka kwa mkono wa mama mwenyewe, na kwamba kwa ajili ya hizo pia binti alipakiwa kwenye basi.

Mama alikaa hadi adhana ya Isha. Baada ya kuswali alichukua simu, akampigia kaka yake Korogwe.

"Nipe binti yangu," alisema.

Walichozungumza mwanzoni hakikusikika, alikuwa amejifungia. Kijana alisikia maneno ya mwisho tu, mlango ulipofunguka. "Nilikosea, mwanangu. Si zote, lakini nilikosea. Na hizo zilizobaki sizijui, siwezi kukubebesha kitu nisichokijua."

Binti hakurudi siku ile, wala wiki ile. Alikuwa ameanza kujifunza cherehani kwa jirani na hakutaka kuacha katikati. Alirudi baada ya miezi miwili, na alirudi na sharti. "Shangazi, nitaandika mwenyewe kila nitakachouza. Na wewe uandike utakachokopesha. Hapohapo, si baadaye."

Sasa kila mmoja ana jina lake la kuingilia kwenye programu. Mauzo ya binti yanaonekana ni ya binti, na ya mama ni ya mama. Kijana aliweka hivyo kabla ya kwenda chuo, na hicho ndicho kipengele ambacho binti alikiulizia kwanza.

Mambo ya kuangalia nyumbani

Wazazi wengi wenye biashara ndogo wana kijana nyumbani anayejua kompyuta, na kijana huyo anatafuta kitu cha kufanya. Yaliyotokea katika nyumba ile yana mafunzo machache ya kawaida.

La kwanza, kazi ianze na swali la fundi: mwenye duka anataka kujua nini jioni? Programu ichaguliwe kwa majibu hayo. Yenye mambo mengi inaweza kusubiri.

La pili, kijana asipimwe kwa kuona kama yeye ameweza. Apimwe kwa kuona kama mdogo wake ameweza bila kuelekezwa. Maelekezo yaandikwe kwa lugha ya nyumbani, na kila anapokwama mtu parekebishwe maelekezo, asilaumiwe mtu.

La tatu, kumbukumbu zinakiliwe. Mama yule ana flashi mbili. Kila Jumamosi jioni anabonyeza kitufe cha kunakili. Flashi moja inabaki dukani, nyingine inakwenda nyumbani na kukaa kabatini pamoja na cheti cha TIN na mkataba wa fremu. Kariakoo wanajua kwa nini: Julai 10, 2021 moto uliteketeza jengo la soko kuu usiku, na aliyekuwa na daftari lake ndani alilikuta majivu.

La nne, namba za siri zilizokuja na programu zibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu kila aliyeipakua anazijua.

Na la tano alilisema mama mwenyewe. Wenye maduka ya jirani walipoanza kuja kuomba wawekewe, kijana alisita kuwadai chochote, kwa kuwa programu aliipata bure. Mama akamwita pembeni. "Programu ni bure. Jasho lako si bure. Ila maelekezo yako wape, wayanakili." Kijana alifanya hivyo. Waliotaka kuwekewa walilipa nauli na kitu kidogo, na waliotaka kujaribu wenyewe walipewa kurasa wakatoe kopi. Mmoja wao, muuza mazulia, alirudi siku ya pili kuonyesha mahali alipokwama. Parekebishwa.

Fedha hizo hazikufika Sh437,000. Lakini zilinunua godoro la bweni na ndoo, na nauli ya kwenda chuo.

Kwenye kompyuta ya dukani, katika orodha ya mzigo, kuna mstari mmoja ambao kijana aliuweka ili hesabu ikae sawa. Umeandikwa: doti 14, hazijulikani. Binti aliporudi aliuona, akauliza kama haufai kufutwa, kwa kuwa mambo yameshapita.

Mama alikuwa akikunja kanga. "Uache," alisema. "Siku nyingine nikitaka kumwambia mtu afungashe nguo zake, niuone kwanza."